Usianze na Maudhui: Namna ya Kusoma na Kuchambua Hadithi Fupi

Juzi baada ya Isha nilipita kwa dada yangu, nikamkuta mwanawe wa mwisho, aliye kidato cha nne, amejiinamia mezani midomo inamcheza. Nikadhani anasoma nyiradi. Nikamuuliza anasoma nini. "Maudhui, Mjomba," akanijibu. Mkononi alikuwa na mwongozo, kurasa zimejaa mistari ya kalamu ya manjano. Kitabu chenyewe, Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine, kilikuwa kando yake kimevishwa jalada la gazeti. Nilipokifungua kilikuwa bado kigumu kama kilivyotoka dukani.

Sikumgombeza. Nilikumbuka kwamba meza ile ile, miaka michache nyuma, alikaa dadake na mwongozo kama ule, na yaliyomkuta ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Wazazi wengi mnaosoma ukurasa huu mna mtoto wa namna hiyo nyumbani. Na wengine wenu ni watu wazima mnaopenda hadithi lakini mliachishwa kuzisoma na shule, kwa sababu shuleni hadithi ilikuwa kitu cha kukatwakatwa vipande kabla hujaionja.

Dadake huyu kijana alikuwa akitaka kusomea ualimu, na Kiswahili ndilo somo alilolitegemea. Wakati wake kitabu kilichotahiniwa kilikuwa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Mtihani wa mwigo ulipotoka, swali la hadithi fupi alipata alama 6 kwa 20. Karatasi ile ya fasihi ina alama 80, maswali manne ya alama 20 kila moja, kwa hivyo ukianguka kwenye hadithi fupi umekwisha kupoteza robo nzima. Alikuja kwangu na karatasi imekunjwa mara nne, kama barua ya kufukuzwa kazi. Mimi nilifundisha kidogo baada ya kumaliza diploma yangu, kabla sijaiweka chaki chini, na kwa jamaa zangu hilo linatosha kunifanya mwalimu wa maisha.

Nikaisoma. Aliandika: kuna tamaa, kuna ufisadi, kuna unyanyasaji wa maskini, kuna umaskini, kuna utetezi wa haki. Mwalimu wake, ambaye simjui lakini namheshimu, hakuandika makosa marefu. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, aliandika neno moja. Wapi? Mstari wa pili: Wapi? Wa tatu: Wapi? Nikahesabu mara tisa.

"Mjomba, nimekosea nini?" akaniuliza. Na hapo ndipo penye uzito, kwa sababu hakuwa amekosea. Yote aliyoyaandika yalikuwa kweli. Lakini yalikuwa kweli kwa hadithi mia nyingine. Ungeyatoa maneno yale na kuyabandika kwenye hadithi yoyote ya mji wowote, yangekaa. Alikuwa ameandika juu ya mwongozo, na mwongozo hautahiniwi.

Sisi wa Pwani tuna ugonjwa wetu hapa, na naomba radhi nikiusema. Tunajivuna kwamba lugha ni yetu, kwamba mtoto wetu ameizaliwa nayo, basi fasihi itajipika yenyewe. Mtoto wa bara, anayejua kwamba Kiswahili si cha mamake, hufungua kitabu. Wetu hutegemea ulimi. Kuijua lugha ni jambo moja, na kujua kusoma hadithi ni jambo la pili, kama vile kuzaliwa kando ya bahari kusivyomfanya mtu kuwa nahodha.

Basi tukaanza upya, mimi na yeye, na sikumpa kitabu. Nilimsimulia Abunuwasi na sufuria, hadithi ambayo nyote mnaijua. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani. Siku ya kuirudisha anaweka kisufuria kidogo ndani yake, anamwambia jirani, sufuria yako imezaa. Jirani anapokea vyote viwili. Siku nyingine Abunuwasi anaiazima tena ile kubwa, na hairudishi. Jirani akija kuidai anaambiwa, pole, sufuria yako imekufa. Jirani anakasirika, sufuria hufaje? Naye Abunuwasi anamjibu, ulipoambiwa imezaa ulikubali, kwa nini ukatae kwamba imekufa?

Nikamuuliza mpwa wangu, hadithi inageuka wapi? Akasema, pale Abunuwasi anaposema imekufa. Wengi husema hivyo, kwa sababu hapo ndipo tunapocheka. Nikamwambia arudi nyuma. Kama jirani angesema siku ile ya kwanza, "Wacha mzaha, chukua kisufuria chako," hadithi ingekuwepo? Isingekuwepo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni pale aliponyamaza." Ndipo hasa. Jirani alijua sufuria haizai. Alinyamaza kwa kuwa uongo ulikuwa na faida kwake. Hadithi yote imeegemea kunyamaza kule, na huko kunyamaza hakuna mtu aliyekuandikia kwamba ni tamaa. Umekuona wewe mwenyewe.

Ule ndio uchambuzi. Mambo mengine yote ni majina ya kiufundi ya kazi ile ile. Tamaa ni maudhui, yaani jambo linalozungumziwa. Anachotaka msimulizi ukiondoke nacho kuhusu tamaa, kwamba mtu anayekubali uongo unaomfaa hana pa kusimama siku uongo ukimgeukia, hiyo ndiyo dhamira. Ploti ni mpangilio wa matukio: kuazima mara mbili, kuzaa kwanza na kufa baadaye. Jaribu kuyapindua, sufuria ife kwanza, uone kama kuna hadithi. Na jirani ni mhusika ambaye tabia yake tumeijua kwa tendo, bila kuambiwa ni mlafi. Mwanafunzi akiweza kulieleza hili kwa sufuria ya Abunuwasi, ataweza kwa kitabu chochote.

(Kwa wapendao historia: Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli, aliyeishi Baghdad zama za Harun al-Rashid. Huku kwetu tumemfanya bingwa wa vituko. Waturuki nao hadithi hii ya sufuria wanamsimulia Nasreddin Hoja. Hadithi husafiri bila pasipoti.)

Sasa, ngano ya Abunuwasi na hadithi fupi ya kuandikwa si kitu kimoja. Ngano haina haja ya kukuonyesha chumba kina joto kiasi gani wala jirani amevaa nini. Hadithi fupi inayo, lakini nafasi ni ndogo. Mwandishi wa riwaya ni kama mwenye jahazi, anaweza kupakia na vitu ambavyo huenda vikafaa njiani. Wa hadithi fupi ana hori. Kila alichokiweka mle kimeondoa kitu kingine. Mmarekani Edgar Allan Poe aliandika mwaka 1842, akizihakiki hadithi za mwenzake Hawthorne, kwamba hadithi ya namna hii yafaa isomwe kwa kikao kimoja, na kila kilichomo kiifanyie kazi athari moja. Si waandishi wote waliomtii, lakini kwa mwanafunzi ni mwongozo mzuri kuliko ule wa manjano: ukikutana na kitu ndani ya hadithi fupi, jiulize kingetolewa kingepunguza nini.

Kwa hiyo soma mara ya kwanza bila kalamu. Kikao kimoja, simu iwe chumba kingine. Usitafute maudhui. Ukimaliza, funga kitabu, jisimulie hadithi nzima kwa sauti kama unamsimulia mtu aliyekuwa safarini. Pale utakapokwama ndipo usipopaelewa, na pale utakaporefusha bila kutaka ndipo hadithi ilipokugusa. Pote pawili weka alama, kisha soma tena, sasa na kalamu.

Tukarudi kwenye hadithi iliyomponza, "Tumbo Lisiloshiba" yake Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa asili ya Unguja. Kwa wasioisoma: kuna mtaa wa wanyonge unaoitwa Madongoporomoka, unaotamaniwa na wakubwa wa jiji. Mzee Mago ni mmoja wa wanaosimama kuutetea. Ana mkahawa wake wa kimaskini, na siku moja linaingia jitu, linaagiza chakula na kukimaliza chote.

Nikamwambia mpwa wangu aache neno ufisadi kwanza. Aangalie majina. Madongoporomoka: madongo, yanayoporomoka. Kabla hujaambiwa lolote juu ya nyumba za pale, jina limekwisha kukueleza zimejengwa kwa nini na zina uhakika gani wa kusimama. Kisha akiangalie kile kitendo cha kula. Mwandishi angeweza kuleta wakili na hati miliki. Angeweza kuleta mkutano wa baraza la jiji. Kuporwa ardhi ni jambo la makaratasi, sote tunajua. Kwa nini akaleta mtu anayekula?

Alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akanijia na aya hii, ambayo ninaiandika kama ninavyoikumbuka:

Tamaa ya wakubwa inaonyeshwa na jitu linaloingia katika mkahawa wa Mzee Mago na kumaliza chakula kilichopikiwa watu wengi. Jitu halili ili lishibe, kwa sababu hakuna dalili ya kushiba. Linakula kwa sababu chakula kipo na mwenye chakula ni mnyonge. Ndivyo wakubwa wa jiji wanavyoitazama Madongoporomoka: hawakosi pa kukaa, ila hawawezi kuona ardhi ikiwa mikononi mwa wengine.

Linganisha na ile ya kwanza, "kuna tamaa". Sasa ile Wapi? imejibiwa: mkahawani. Na jambo jingine limejibiwa ambalo mwalimu hakuliuliza, nalo ni tamaa ya namna gani. Hapo ndipo alama zinapotoka. Mtahini akikupa alama 20 za swali la insha, mara nyingi anatazamia hoja kadhaa zenye mfano na maelezo, na hoja isiyo na mfano ni sawa na shahidi aliyekuja mahakamani bila kuona ajali.

Nikiri kwamba aya ile niliisoma na watu wa baraza letu, tunapokunywa kahawa baada ya Alasiri. Mzee mmoja ambaye hajawahi kukishika kitabu hicho aliisikiliza, akaweka kikombe chini, akasema, "Huyo mwandishi alifika kwetu lini?" Familia yake iliondoshwa shambani walipokaa tangu babu yake, kwa karatasi ambayo hakuna aliyejua ilipotoka. Hakuna hata mmoja pale baraza aliyehitaji kuelezwa maana ya jazanda. Lakini nilimwambia mpwa wangu awe mwangalifu hapa pia: kisa cha mzee si ushahidi wa hadithi. Kinakusaidia kuihisi, na kwenye karatasi ya mtihani hakiingii. Wanafunzi wetu wengi huanza na Madongoporomoka wakamaliza na ardhi ya kwao. Baki ndani ya kitabu.

Jambo la pili ambalo miongozo hulipitia haraka, na mimi naliona kubwa kuliko tamathali zote za usemi, ni nani anayeona. Dada wawili wakirudi arusini watakusimulia ugomvi mmoja wa mkwe na wifi, na utadhani ni arusi mbili. Mmoja alikuwa jikoni, mwingine alikuwa upande wa bibi arusi. Hadithi fupi nayo ina mahali ambapo mwandishi amemweka mwonaji, na kuanzia hapo ndipo anapoamua wewe ujue nini na ufichwe nini. Msimulizi si mwandishi. Akisema "mimi", huyo "mimi" ni mtu wa kutungwa, na anaweza kuwa mwongo, au mtoto, au mtu anayejitetea.

Chukua "Shogake Dada ana Ndevu" yake Alifa Chokocho, katika mkusanyiko ule ule. Watoto wa bara huanza kucheka kwenye jina, kwa sababu neno shoga kwao limebaki na maana moja tu. Huku kwetu mwanamke humwita rafikiye wa kike shoga tangu enzi za nyanya zetu, na bila kujua hilo hadithi haifunguki. Safia ni binti anayeaminiwa sana na wazazi wake. Ana shoga yake anayekuja nyumbani kusoma naye. Mdogo wake, Lulua, ndiye anayeona ndevu.

Sasa jiulize kama yule jirani wa Abunuwasi: hadithi imeegemea wapi? Mwongozo utakuambia maudhui ni malezi, mapenzi ya vijana na matokeo yake, na ni kweli, Safia anaishia pabaya. Lakini tazama jina la hadithi. Mwandishi hakuiita "Kifo cha Safia" wala "Binti Aliyepotoka". Ameiita kwa maneno ya mtoto. Kati ya watu wote nyumbani mle, aliyeona ni mdogo kuliko wote, na ndiye asiyesikilizwa. Ukiligundua hilo, hadithi inaacha kuwa onyo kwa mabinti peke yao, kama inavyosomeshwa mara nyingi, inakuwa pia hadithi ya wazazi ambao sifa njema ya mtoto wao imewafumba macho. Nasema pia, maana la kwanza halifutiki. Hadithi nzuri hubeba mawili, na mchambuzi mzuri hasukumi moja nje ili lingine lipate nafasi.

Tulikuwa tukiisoma hiyo kwa sauti, mamangu amelala kochi la pili tukidhani amesinzia. Tulipofika mwisho akasema bila kufungua macho, "Na mamake alikuwa wapi siku zote hizo?" Mpwa wangu akanitazama. Bibi yake hakuvuka darasa la nne, na ameuliza swali la alama kumi.

Kuhusu lugha nitasema machache, kwa sababu hapo ndipo mnapofundishwa sana. Usihesabu tashbihi kama mhasibu. Kuandika "mwandishi ametumia tashbihi, istiara na takriri" ni sawa na kusema mpishi ametumia chumvi, bizari na nazi. Tunajua. Tuambie nazi iliingia lini na mchuzi ulibadilika vipi. Chagua mbili au tatu zinazofanya kazi, eleza kazi yake, nenda zako. Jambo kubwa zaidi ya hizo ni kinaya, pale kinachotokea kinapokwenda kinyume na kilichotarajiwa, au msomaji anapojua lile asilolijua mhusika. Binti anayesifiwa kuliko wote kuwa ndiye mwenye siri, hicho ni kinaya, na hadithi nzima ya Safia imejengwa juu yake.

Na maswali ya dondoo, yale ya muktadha yenye alama nne, nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa sababu gani: hapa hakuna ufundi wowote isipokuwa kuwa umesoma. Mwongozo hauwezi kunakili kila mazungumzo. Mpwa wangu alipoteza alama zote nne kwa sababu maneno yaliyotolewa hayakuwemo katika yale yaliyochaguliwa na mwongozo. Alikisia msemaji, na ukikosea msemaji mara nyingi hayo mengine matatu yanafuata shimoni.

Sisemi mchome miongozo. Ina faida yake, ukiifungua baada ya kusoma hadithi mara mbili na kuandika yako. Hapo unasoma kama mtu anayebishana. Ukikuta mwandishi wa mwongozo amesema jambo ambalo hukuliona, rudi kitabuni ulitafute. Kama lipo, umefaidi, na kama halipo, yeye pia muulize Wapi? Nimeona miongozo iliyokosea hata majina ya wahusika.

Mpwa wangu yule alipata alama aliyoihitaji, alhamdulillahi, na sasa yuko chuoni. Alipokuwa amebakisha wiki chache kufanya mtihani alinitumia ujumbe usiku: "Mjomba, mbona Mzee Mago ana jina na jitu halina?" Nilikuwa nimesoma hadithi ile zaidi ya mara tatu na sikuwahi kulifikiria. Nikamwandikia kwamba sina jibu, alitafute kitabuni.

Huyu mdogo wake tumeanza naye juzi hiyo hiyo. Mwongozo nimeuchukua, nimeuweka kabatini kwangu, atarudishiwa mwezi ujao. Mamake amenuna kidogo, kwa sababu aliununua kwa pesa zake.